Mchanga wa Silinda ya Nne

Paluku mwanangu,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza hali, maana umetoka hapa sasa hivi, umeshiba, na umevaa shati langu bila kuniomba. Umekwenda Mudzipela kumuaga mama yako mdogo, na ninamjua, hatakuachia mapema. Basi nimepata huu mchana, meza ya jikoni, na daftari lako la shule lenye kurasa tupu mwishoni. Mambo ya blanketi, ya kinini, ya kutokunywa maji ambayo hayakuchemshwa, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu tangu asubuhi. Mimi nitayaruka.

Nataka kukueleza kwa nini sijasema nawe vizuri wiki mbili hizi.

Juzi nilikusikia ukimwambia mama yako, mkiwa nje mnatwanga majani ya pondu, "Papa hapendake mutu amupite." Ulisema kweli kuliko ulivyojua, ila mtu mwenyewe si wewe. Ungekuwa unakwenda Kisangani kujifunza kazi, au hata Kampala, ningekusindikiza nikiimba. Lakini unakwenda Ariwara kwa Andama. Andama ninamwonea wivu tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni. Dereva wa kamyo alipofika hapa na ujumbe wake kwamba anakuita kazini, nilikuona ulivyotabasamu kwa kusikia jina lake tu, na kazi yangu yote ya miaka haijawahi kunipatia tabasamu lile. Niliingia ndani nikajifanya natafuta funguo.

Ulidhani simfahamu. Kila dereva wa barabara ya Aru alipomsifu mbele yetu, mimi niliuliza, "Andama yupi huyo?" Ukweli ni kwamba tulifanya kazi pamoja hapa Bunia miaka mitano, garage moja, sanduku moja la vyombo.

Garage ilikuwa ya Mgiriki mzee, karibu na barabara kuu. Mimi nilitangulia. Nilikuwa nimeshuka kutoka Lubero na mama yako, na mzee yule aliniheshimu kwa sababu nilijua kusoma vitabu vya motere kwa Kifaransa. Andama alikuja baadaye, kijana wa Aru, mwembamba, hana cheti, hana hata viatu vya kazi. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa. Mimi ndiye niliyemfundisha majina ya vyombo, na alikula kwetu Jumapili kama mdogo wangu. Nilimpenda. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hilo hutaelewa yanayofuata.

Kisha akanipita. Haikuwa siku moja. Ilianza Mgiriki alipokuwa akifika asubuhi na kuuliza, "Andama iko wapi?" kabla hajatusalimu sisi wengine. Halafu madereva wakaanza kungoja zamu yake ijapokuwa mimi nilikuwa nimekaa bure. Jioni moja nilikuwa namsimulia mama yako juu ya kamyo lililotushinda, naye akauliza, akipakua chakula, "Na Andama alisema nini?" Nikasukuma sahani. Maskini mama yako alifikiri ni chumvi, akaniletea maji.

Mwanangu, wivu hauna adabu. Unaingia hata kwenye sahani ya chakula ulichopikiwa na mke wako. Nilianza kuhesabu makosa ya Andama, na kwa kuwa yalikuwa machache nilihesabu hata yale madogo: kwamba hufunga shati vibaya, kwamba Kifaransa chake ni cha sokoni, kwamba hucheka na meno yote. Nilifurahi akikosea. Siku ambazo hakukosea nilirudi nyumbani nimechoka.

Sasa nikueleze desturi ya garage ile, kwa sababu humo ndimo nilimoanguka. Kulasi, kile kichwa cha motere, haikukazwa na mtu mmoja. Mmoja alivuta ufunguo wa buloni, zile bolti nene, mwingine alisimama upande wa pili akihesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, buloni kwa buloni, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila buloni ikiisha aliigusa kwa chaki. Kazi ikiharibika, aliyeulizwa kwanza ni yule aliyehesabu. Neno lake halikubishiwa, kwa sababu naye alikuwa ameweka jina lake pale.

Mwaka ule serikali ilipotukataza kuvaa kravati shingoni, gari la buluu lilikuja. Unalijua. Mji mzima unalijua. Lilikuwa la mjane wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, upande wa Djugu. Marehemu mume wake alilileta kwa meli likiwa jipya, na tangu siku ya kwanza lilichemka kwenye kilima. Wakalaumu vilima. Wakalaumu maji ya Ituri, wakalaumu madereva wawili na kuwafukuza. Mgiriki alimkabidhi Andama motere ile aifungue yote na kuijenga upya. Mimi, mkubwa, niliambiwa nihesabu.

Andama alikaza vizuri. Nilisimama pale nikaona. Alingoja kila namba itoke kinywani mwangu ndipo avute. Raundi tatu, buloni kumi, chaki juu ya zote. Sijaona kulasi iliyofungwa kwa utulivu vile, wala mimi sijaifunga hivyo mpaka leo.

Walipoiwasha, alifanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Alichukua kitambaa, akakilowesha, akapangusa ubavu wa blok, ule mwili wa motere, kutoka mbele mpaka nyuma, kisha akasimama akitazama maji yakikauka. Akarudia. Akarudia tena. Akaniita pembeni, maana kwanza alitaka kuniambia mimi.

"Yaya, angalia. Silinda ya ine inakauka mbele ya wenzake. Iko kitu mu ndani, na haiko kazi ya mutu wa hapa."

Niliangalia. Aliona sawa. Nikamwambia ni moshi wa ekzosi unapasha upande ule.

Alikwenda kwa Mgiriki, akaomba ruhusa ya kutoa zile pastille, vile vifuniko vya duara ambavyo usine, kiwanda kinachounda gari, hugongea ubavuni mwa blok kuziba njia za maji. Mgiriki alicheka mpaka akakohoa. "Usine haikosake," alisema. "Weye ni nani wa kufundisha usine?" Na sisi sote tukacheka pamoja naye. Ndivyo tulivyokuwa. Kitu kikitoka Ulaya kimefungwa na kupakwa rangi, tulikiamini kama msalaba wa kanisani, na kikiharibika tulitafuta ni mkono gani mweusi ulikishika mwisho. Tulitafuta wenyewe, bila kuambiwa. Andama peke yake hakucheka.

Gari lilirudi kwa mjane. Likachoma jointi, ile gasketi ya chini ya kulasi, likaletwa, Andama akabadilisha, likaondoka. Mara ya tatu lilikufa kabisa kwenye mlima, kwenye mvua, na yule mama mzee alitembea kwa miguu mpaka misheni. Walipolivuta hadi garage, Mgiriki alikuwa mwekundu shingo nzima. Alitupita sote akaja kusimama mbele yangu. Akauliza nani amekosa.

Nilikuwa na muda wa kufikiri. Usidhani neno liliniponyoka. Niliangalia kitambaa mkononi mwa Andama, nikafikiri kwamba mtu huyu akiwa sahihi leo, mimi sitakuwa kitu tena hapa.

Nikasema, "Patron, hakungoja nihesabu."

Andama hakupiga kelele. Alinigeukia, akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kusaidiwa kukumbuka: "Yaya, si weye ulihesabu?"

Mgiriki alimnyang'anya vyombo palepale, akamwambia asionekane tena, na kwa sababu wenye garage walikuwa wachache na wote walikunywa kahawa pamoja, hakupata kazi nyingine Bunia. Wiki ileile alipanda kamyo kurudi kwao. Habari zilimfikia mama yako. Alikuwa na kawaida ya kuniletea chakula garage kila mchana, aliacha. Mpaka leo hajaeleza kwa nini, nami sijathubutu kumuuliza.

Yaliyofuata unayajua kidogo. Garage za wageni zilichukuliwa na serikali, Mgiriki akaondoka, na mwananchi aliyepewa ile yetu hakujua kutofautisha motere na sanduku la maiti. Katika mwaka mmoja kuta tu ndizo zilizobaki. Mjane naye alikuwa amerudi kwao. Gari la buluu lilibaki nyuma ya ukuta, kuku wakitagia kwenye kiti, na mimi ndiye niliyelivuta mpaka hapa nyumbani, kwa sababu hakuna aliyelitaka. Watu walifikiri ninalipenda. Nilitaka tu lisionwe na mtu anayejua kuangalia.

Ulipokuwa mwaka wa pili wa sekondari ndipo alipokuja yule mzee mfanyabiashara wa ng'ombe, akasema atamwoza binti yake na hataki aende kanisani kwa pikap. Analitaka gari la buluu. Nikakubali. Tulikuwa na njaa ya kazi, na mimi nilikuwa nimejidanganya miaka mingi hivi kwamba niliamini kosa la motere ile lilikuwa la kulasi kweli. Ndiyo, mtu anaweza kufika hapo. Ukirudia uongo wako mwenyewe kila ukiuona ule mtambo, mwishowe unaukumbuka kama kitu kilichotokea.

Pastille zilikuwa zimeoza kwa kutu, na hapakuwa na vipuri popote kutoka hapa mpaka Beni. Nikaamua kuzitoa zote nikate nyingine kwa bati nene. Nilichemsha blok kwenye nusu pipa kwa maji ya majivu, siku mbili. Ya kwanza nilipoitoa, tope la kutu. Ya pili, tope. Ya tatu, tope. Ya nne, nyuma kabisa, nilipitisha waya, ukagonga kitu kigumu.

Nilikwangua kwa patasi. Ulikuwa mchanga. Si mchanga wa mto wetu. Ulikuwa mweusi, laini, umeshikamana kama ukoko wa bugali chini ya sufuria, na katikati mna kipande cha waya. Nilikaa chini nikatafakari mpaka nikaelewa. Usine wanapomimina chuma, hutengeneza njia za maji kwa mchanga ulioshikizwa na waya, na chuma kikipoa mchanga huo hutikiswa ukatoka. Mtu mmoja kule Ulaya hakutikisa ya nne. Labda ilikuwa Jumamosi. Alifunga pastille juu ya mchanga, mwenzake akapaka rangi, gari likaja Kongo kuchemka. Nikaichukua kulasi nikaiangalia upande uleule: tundu la maji la silinda ya nne lilitobolewa nusu, halikufika upande wa pili. Makosa mawili, kona moja, na yote yalifungwa kabla yeyote kati yetu hajazaliwa katika kazi hii.

Sasa sikiliza, hapa ndipo ninapotaka unijue. Mtu mwema angeona haya. Angekumbuka kijana aliyepanda kamyo bila vyombo vyake. Mimi nilikaa na mchanga ule kiganjani, na kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni wivu. Alijua! Kwa kitambaa cha maji, bila kufungua, bila kitabu, alijua, na mimi nilihitaji zaidi ya miaka kumi na nusu pipa la majivu. Nilimchukia upya kwa kuwa sahihi. Haya ilikuja siku ya pili, imechelewa, na ilipokuja ilikuta nimekwisha kumwaga mchanga chooni.

Nilisafisha njia, nikatoboa tundu, nikafunga. Gari likapanda kila kilima cha mji huu na bibi arusi ndani, halikuchemka. Unakumbuka siku ile. Watu walinibeba. Kwenye sherehe yule mzee wa ng'ombe alisimama akauliza mbele ya wote nilijuaje kasoro iliyowashinda wazungu. Nikasema nilipangusa blok kwa kitambaa cha maji, nikatazama ya nne ikikauka mapema. Wakapiga makofi. Wewe ulikuwa umerudi likizo, ulikuwa umekaa mbele kabisa, na usiku ule ulinifuata ukasema, "Papa, munifundishe ile ya kitambaa." Nikakufundisha.

Huo ndio wizi wangu wa pili, na ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu nimekubebesha wewe. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika Ariwara. Kesho kutwa utaingia garage ya Andama. Nakujua: kabla hujakaa utaomba kitambaa na maji, umwonyeshe unachoweza, na atakapokuuliza nani alikufundisha, utatoa kifua na kusema ni baba yangu. Utamsimulia gari la buluu, yeye, mbele ya watu wake. Nimeliwaza jambo hilo wiki mbili. Ndiyo maana nilikuwa nikitoka nje ukianza kufunga sanduku lako.

Mara nyingine nimetaka akutukane, upate kurudi. Nalisema wazi. Halafu namkumbuka dereva wa kamyo. Ujumbe alioleta ulikuwa na sehemu ambayo sikukwambia. Ulipokwenda kumletea kiti, aliinama akaniambia taratibu: "Muzee Andama anasema, ile mutoto ya yaya Kambale imufikie, isiogope kitu." Yaya. Anajua wewe ni wa nani. Alijua kabla hajakuita. Amechagua mtoto wangu katika vijana wote wa Bunia, na bado ananiita yaya. Sijui kama ni kusamehe, mimi si mtaalamu wa jambo hilo. Lakini kama ni kusamehe, basi hata humo amenipita, na sitakudanganya kwamba haikuniuma. Iliniuma kuliko siku ambazo Mgiriki alimuulizia kwanza.

Nakuomba jambo moja. Kwetu mtu hanawi mikono ale kwenye sahani ya mwenzake wakati kuna neno kati yao halijasemwa. Ukifika, mkewe atakupikia, na utakuwa na njaa ya safari. Ngoja. Mwombe Andama mkae wawili, umsomee barua hii yote, pamoja na pale niliposema namchukia. Usiruke mistari kwa kunionea huruma. Wewe una tabia hiyo, umeirithi kwa mama yako. Kisha ungoje jibu lake. Akikuambia urudi, rudi, hutakuwa umekosa kitu, na utanikuta hapa. Akikuambia unawe, unawe, ule.

Dereva aliniambia nafasi iko ya watu wawili. Ningeweza kupanda kesho pamoja nawe, nikayasema haya kwa mdomo wangu. Leo asubuhi nilivaa viatu niende kumwambia dereva, nikavivua. Najua kwamba ningeingia pale na kabla sijamsalimu ningehesabu magari yake, ningeangalia kama hangari yake ni ya bati jipya, ningetafuta kosa kwenye kazi yake. Sitaki kumwomba radhi mtu huku macho yangu yanamwibia tena. Labda mwakani. Akikuuliza kwa nini baba hakuja, usinitetee, mwambie hivyo hivyo.

Baada ya hapo chukua kila kitu anachojua. Kuwa na pupa. Usibakize kwa ajili ya kulinda jina langu. Akikufundisha jambo ambalo mimi nilikufundisha vibaya, acha langu. Niandikie kwa kila dereva anayeshuka: niambie motere gani mmefungua, amekusifu au amekugombeza, mkewe anapika nini, nani unahesabu naye. Nitasoma nikikunja uso, lakini nitasoma. Iko siku utamwita papa. Utamwita tu, vijana wote huwaita hivyo mabwana wao wa kazi, na yeye anastahili. Hilo moja usiniandikie.

Papa yako,
Kambale